Matuta Aliyoyachimba Mama

Mama yangu alichimba matuta ya mkoloni. Hilo silikatai, wala sijawahi kulikataa. Matuta yenyewe yapo mpaka leo. Ukitoka Itaka ukashuka upande wa mtoni, mashamba ya kahawa yakishaisha, utaona mteremko umekatwa kwa mistari ya udongo, nyasi zimeota juu yake, na maji ya mvua yakifika pale yanatulia. Anayelima shamba lile sasa anavuna mahindi kuliko majirani zake wote, na hajui amshukuru nani. Ile ni kazi ya mikono ya mama yangu, na mama yangu mdogo, na wenzao wanne. Ninachokikataa ni maneno yanayosemwa juu yake.

Maneno hayo yalinifikia mwaka huu nikiwa Chapwa, hapa Tunduma, ninapoishi kwa binti yangu. Nyumba yetu haiko mbali na barabara, malori yanapanga foleni ya mpaka mchana kutwa, na wewe mwenye nyumba unazoea, unaongea kwa sauti kubwa bila kujua. Mjukuu wangu anauza mchele kwa Wazambia. Wateja wake wakija nyumbani wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, nami naitikia. Siku hiyo alirudi mapema, akakaa kwenye mkeka karibu yangu na simu yake.

"Bibi, kule kijijini wanajenga jiwe la wapigania uhuru. Wametuma majina kwenye kundi la wenyeji, wanasema mwenye la kuongeza aseme kabla fundi hajachonga."

"Soma."

Akasoma. Kila jina alilosoma nilimjua mwenyewe, na baba yake, na mke wake, na hata aliyekuwa na kilema cha mguu nilimkumbuka. Akasoma mpaka akanyamaza.

"Endelea."

"Yameisha, bibi."

"Na wanawake?"

"Kuna mstari wa chini hapa. Unasema, pamoja na akina mama waliowapikia."

"Waliowapikia nini?"

"Hawajaandika. Labda ugali."

Akacheka, mimi sikucheka. Nikamwambia abonyeze pale pa kuongelea. Nikataja majina ya wanawake sita, moja moja, na majina ya baba zao, kwa sababu kwetu mwanamke akiolewa haachi ukoo wa baba yake, anakwenda nao mpaka kaburini. Nikasema hao waongezwe, na waandikwe pamoja na wanaume, siyo chini.

Jibu lilikuja kwa sauti ya mwenyekiti wa kamati. Ni kijana kwangu, ana kama miaka arobaini na kitu, ananunua kahawa. Babu yake ndiye jina la kwanza kwenye orodha ile.

"Shikamoo bibi. Bibi, tunakuheshimu sana. Lakini hao uliowataja, wazee wametuambia ndio waliochimba matuta ya mzungu pale bondeni, wakati wenzao wanakataa mpaka wanafungwa. Sasa tukiwaweka kwenye jiwe, watoto watatuelewaje? Maana hata wanafunzi tumeshawapeleka pale, tukawaonyesha."

Mjukuu wangu alikuwa ameshaacha kucheka. Nikamuuliza, "Wamewaonyesha nini?" Alikuwa anaangalia simu.

Wamewaonyesha kazi ya mama yangu na kuwaambia huo ni usaliti. Watoto wadogo, wenye sare za shule, wamepangwa mstari juu ya matuta yale, mwalimu anasema na wao wanaitikia ndiyo mwalimu. Nililala na hasira, nikaamka nayo.

Watu wataniuliza mbona majina hayo sita siyaandiki hapa, na mimi ndiye ninayejisifu kukumbuka. Siyaandiki makusudi. Nikiyaandika hapa, kesho kamati itasema bibi ameshayaandika mahali, yanatosha. Mahali pake ni kwenye jiwe. Na hawa wanaume nao siwataji, wala sitawataja kabla ya wale.

Wakati ule nilikuwa msichana wa umri wa kuchota maji na kubeba mdogo mgongoni. Shule niliionja tu, darasa la pili nikatolewa nikalee. Baba alikuwa kwenye machimbo ya shaba huko Rodeshia, kama akina baba wengi wa kwetu, anarudi na blanketi na baiskeli, anakaa msimu mmoja, anaondoka. Nyumba ilikuwa ya mama.

Serikali ya mkoloni ilileta amri ya matuta. Kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta ya kukinga mmomonyoko, na bwana shamba Mzungu apite kupima kwa kamba. Asiyechimba anatozwa faini, na asiye na faini anakwenda kutengeneza barabara chini ya askari. Sasa hivi mtu anaweza kusema matuta ni kitu kizuri, na ni kizuri kweli, lakini wakati ule yalikuwa ni kuamrishwa kwenye ardhi yako mwenyewe. Wanaume wa chama cha kudai uhuru wakakutana kwa siri wakala kiapo: hakuna mwanamume atakayetia jembe kwenye tuta la Mzungu. Wengine walifungwa kwa kiapo hicho. Hao nawaheshimu, na kwenye jiwe wanastahili.

Lakini chama hakiendi kwa kiapo tu, watu lazima wakutane. Na kukutana kulikatazwa. Ukitaka mkutano unaomba kibali kwa chifu, chifu anaomba kwa Bwana DC, na kibali chenyewe hakitoki. Watu watano wakikaa pamoja tarishi anaulizia wanaongea nini.

Mama yangu ndiye aliyesema, "Kulima hakuombewi kibali."

Kwetu, shamba likikushinda unapika pombe ya ulezi, ile kimpumu, unaita watu. Wanakuja asubuhi na majembe yao, wanalima, na jua likiwa kichwani wanakizunguka chungu, kila mtu na mrija wake, mtoto anaongeza maji ya moto. Hakuna chifu aliyewahi kukataza hilo, maana na yeye mashamba yake yalilimwa hivyohivyo. Basi mikutano ya chama ikawa kulima. Ilifanyika kwa mama mdogo, mdogo wake mama, kwa kuwa alikuwa mjane. Hakuna mume wa kuitwa barazani kuulizwa. Wanawake wale sita ndio waliokuwa wakipika, wakiita watu nyumba kwa nyumba, wakichagua nani aitwe na nani asiitwe. Kadi za chama alizileta mama mdogo kutoka Tunduma kichwani, chini ya kikapu cha kimea. Kimea cha ulezi kikiwa kinanuka uchachu wake, askari hatii mkono. Mimi nilikuwa mtoto wa maji ya moto. Niliyasikia yote.

Msimu wa mvua mambo yalikwenda vizuri. Kosa lilikuja kiangazi.

Kulikuwa na mgeni wa chama, msemaji, anatoka mbali, na gari lisingeweza kumfikisha kabla barabara haijakauka. Alipofika, akina mama walifanya walivyozoea. Wakapika, wakaita watu waje na majembe kwa mama mdogo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Mkutano kwetu ulikuwa umeshakuwa chungu, na chungu kinakwenda na majembe, basi. Kiangazi. Ardhi imekauka kama tofali, mahindi yameshaingia ghalani, hakuna mtu mwenye akili anayelima, na shamba zima limejaa watu wenye majembe.

Bwana shamba alikuwa anapita na gari lake juu barabarani. Akasimama.

Wanaume walikuwa wameshakaa kwenye chungu, nyuma ya ghala, mgeni katikati yao. Mgeni alikuwa amevaa viatu. Siku hizo mwanamume wa kijijini kwetu mwenye viatu vile alijulikana kwa jina. Mmoja akavuta gunia akamfunika miguu. Wote wakainamia mirija. Nakumbuka vizuri kwa sababu maji ya moto nilikuwa nayo mimi, nimesimama kama mti, sijayamimina, chungu kimekauka, na wao wanaendelea kunyonya.

Mama alichukua jembe akamwendea Mzungu katikati ya shamba. Wenzake wakamfuata. Mkalimani alikuwa mtu wa upande wa pili wa mto, anaijua lugha yetu.

"Bwana anauliza mnalima nini kiangazi hiki?"

"Mwambie hatulimi," mama akasema. "Tunachimba matuta yake."

Mkalimani akamtazama. "Matuta?"

"Hayo hayo aliyoyataka. Tulichelewa, atusamehe."

"Na wale pale?"

"Wale ni walevi. Tuliwapikia pombe waje watusaidie, wameinywa na bado wamekaa. Muulize Bwana, kwao wanaume wakoje?"

Mzungu akacheka sana alipotafsiriwa. Hakwenda kwenye chungu. Alirudi kwenye gari akatoa kamba na vijiti, akapima mwenyewe mistari, amepiga magoti mavumbini, amefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akawaonyesha jinsi ya kurundika udongo. Akasimama hapo mpaka tuta la kwanza likaonekana, halafu akasema atarudi kuangalia yaliyobaki.

Alipoondoka, mkutano ukafanyika. Mgeni aliongea, kadi ziligawiwa, watu wakapanga nani apeleke habari wapi. Wanaume walikuwa wamekaa wanasikiliza. Wanawake waliendelea kuchimba, maana gari lingeweza kurudi wakati wowote, na tuta moja haliwezi kuwa kazi ya shamba zima la watu. Hakuna mwanamume aliyenyanyuka kuwasaidia, kiapo kilikuwa kimewafunga. Kadi hazikuwafikia wanawake siku ile. Mikono yao ilikuwa na udongo, akasema aliyezigawa, zitachafuka.

Mzungu alirudi kweli. Akakuta matuta, akaenda akaleta wenzake kuja kuyatazama, akaleta na machifu. Ikawa shamba la mfano. Wanawake hawakuweza kuacha tena. Walichimba mpaka chini kabisa kwenye majani ya mto, katika ardhi ya kiangazi, na nilimwona mama akishindwa kushika mwiko jioni. Nilisonga ugali mimi.

Na kijiji kikaona. Wasiojua siri, na wasiojua ndio walikuwa wengi, waliona wanaume wanakwenda kifungoni kwa kukataa matuta na wanawake sita wanayachimba kwa bidii na Mzungu anawasifu. Tukienda mtoni tunasikia, "Pisheni njia, wake za bwana shamba hao." Mwanamke mmoja ambaye mume wake alifungwa alimtemea mama mate kwenye ndoo ya maji. Mama akamwaga yale maji, akachota mengine.

Mvua zilipoanza mama alipika pombe kwa ajili ya shamba lake. Akaita watu kama kawaida, mimi mwenyewe nilizunguka kuita. Asubuhi tukasubiri. Wakaja wale watano, hakuna mwingine. Kwetu mtu akiita kulima watu wasije, ni kama wamekuambia ufe tukuzike. Pombe ilikaa mpaka ikachacha, akaimwaga nyuma ya nyumba, kuku wakalewa. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye chungu cha mama mdogo, walioijua kweli yote, nao hawakuja. Waliogopa kuonekana. Walimwambia mama kwa siri, vumilia, tukisema sasa tutakamatwa wote, uhuru ukija tutasema hadharani.

Mama alielewa. Kwa wakati ule ilikuwa sababu ya kweli, hata mimi siipingi.

Uhuru ukaja. Palifanyika sherehe kwenye uwanja wa shule, jukwaa la mbao, watu kutoka vijiji vyote. Mama alivaa nguo yake mpya, akawahi, akakaa mbele kabisa chini pamoja na wenzake. Waliongea wanaume mmoja baada ya mwingine. Wakataja waliofungwa. Wakamtaja mgeni. Wakamtaja hata mwenye baiskeli aliyepeleka barua. Mmoja akasimulia jinsi walivyomdanganya Mzungu kwa pombe, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na katika hadithi hiyo hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Hakukuwa hata na matuta. Mama alibaki amekaa pale mpaka mbao za jukwaa zinang'olewa.

Tukiwa njiani nikamuuliza. Akasema, "Wamesahau. Watakumbuka."

Alikufa mzee, na jina la matuta hakuvuliwa. Mama mdogo alitangulia. Wale wengine wakafuata. Hata nilipoolewa, mawifi zangu walikuwa wakinicheka, ati nisiwe mchimbaji kama kwetu.

Kati ya wanaume waliokaa kwenye chungu kile, aliyebaki hai ni mmoja tu, naye ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Alikuwa kijana kuliko wote siku ile. Jina lake lipo kwenye orodha. Nikafunga nguo zangu, nikapanda gari mpaka Itaka, nikaenda kwake.

Alikuwa ameketi mlangoni anaota jua, blanketi mabegani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umekuja kunizika? Umewahi mno."

"Nimekuja kukuuliza. Ukifa na jambo hili nitalifukua kaburini."

"Kaa kwanza. Tunduma wamekufundisha ukali. Wazambia wanawalisha nini huko?"

Nikakaa. Nikamweleza. Alisikiliza na kichwa chake chini, anachora vumbi kwa fimbo.

"Mambo ya zamani hayo, shemeji," akasema. "Jiwe lenyewe ni dogo."

"Jina lako limepata nafasi."

"Sikuliomba mimi."

"Hujalikataa vilevile. Ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kulia kwa mgeni na mrija mdomoni, chungu kikavu."

Ndani mkwewe alikuwa anatwanga, akaacha kutwanga, nadhani alikuwa anasikiliza.

"Njoo kwenye kikao cha kamati," akasema mwisho. "Wakiniuliza, nitajibu."

Kikao kilikuwa kwenye darasa la shule. Watu wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti mbele, na pembeni yake mwanamke kijana, katibu, anaandika. Shemeji walimwekea kiti chenye mto. Mimi nilipewa kiti karibu na dirisha, na soda, na nikashukuriwa kwa kuja kutoka mbali, kwa namna ile ya kumshukuru mtu ili anyamaze.

Nilipopewa nafasi nikasema niliyoyasema hapa. Sikuongeza kitu. Nilipomaliza, mwenyekiti akasema kwa upole, "Bibi ameongea kwa uchungu wa mama yake, nasi tunamwelewa. Lakini bahati nzuri shahidi tunaye, mzee wetu huyu yuko hai. Babu, tuambie. Pale bondeni kwa yule mjane, siku ya matuta, kulikuwa na mkutano wa chama?"

Shemeji aliangalia fimbo yake.

"Pale tulikuwa tunakunywa pombe tu," akasema.

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mwenyekiti akafungua mikono, kama kusema, mmesikia. Nilitaka kusimama nitoke. Badala yake nikasimama nikabaki.

"Vizuri," nikasema. "Shemeji amesema walikuwa wanakunywa pombe. Basi na tuandike hivyo. Maana chama cha kijiji hiki hakikukutana mahali pengine popote. Msimu mzima wa mvua na kiangazi, ni pale. Kadi zenu zote zilitoka pale. Mgeni aliongea pale. Mwenye ushahidi wa mkutano mwingine, ataje uwanja. Kama pale palikuwa pombe, basi hao wote mliowaandika walikuwa walevi, na jiwe lenu mnawajengea walevi. Shemeji, anza wewe. Waambie walifute jina lako."

Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha.

Nilidhani hatajibu. Alikuwa mzee, angeweza kujifanya hasikii, na nani angemlaumu? Lakini alianza kuongea, polepole, bila kunitazama.

"Tulikuwa tumekaa," akasema. "Hilo ndilo linalonishinda kulisema. Wao wamesimama juani wanachimba kwa sababu yetu, na sisi tumekaa. Baba yake huyu kijana," akamwonyesha mtu mmoja nyuma, "alitaka kunyanyuka, tukamvuta shati. Tukasema kiapo. Nilikuwa na nguvu, ningechimba mistari miwili peke yangu. Mkutano ulikuwepo. Mkubwa. Na mama yake shemeji ndiye aliyetuokoa, alitoka na jembe akatuita walevi mbele ya Mzungu, na sisi tukawa walevi. Uhuru ulipokuja tukaona tukilisema hilo, watu watauliza, nyinyi mlikuwa mnafanya nini wakati huo? Basi."

Mwenyekiti aliuliza, sauti yake imeshuka, "Na babu yangu?"

"Kushoto kwa mgeni. Ndiye aliyemfunika miguu kwa gunia."

Mwenyekiti akakaa. Nilimwonea huruma kidogo, siyo sana. Alipata neno akasema sawa, majina sita yataongezwa, na katikati ya wengine, siyo chini. Halafu akaongeza, "Ila bibi, habari ya matuta tuiache. Tuandike tu kwamba walishiriki harakati. Wageni wakisoma matuta watachanganyikiwa, na viongozi watakuja siku ya uzinduzi."

"Mama yangu hakutemewa mate kwa kushiriki harakati," nikasema. "Alitemewa kwa matuta. Mmewafundisha watoto matuta. Andikeni matuta."

"Bibi, tuelewane..."

"Andikeni," shemeji akasema. "Waliochimba matuta ili mkutano wa chama usikamatwe. Andikeni hivyohivyo, au langu lifuteni."

Walibishana. Mmoja alisema jiwe litakuwa na maneno mengi. Mwingine alisema kama ni hivyo na bibi yake aliyekuwa anachota maji aandikwe, nikamwambia mlete jina lake, nani kakukataza? Mwisho wakakubali, kwa kuchoka au kwa aibu, sijui. Mwenyekiti akanigeukia na tabasamu.

"Sasa bibi umefurahi?"

Nifurahi nini? Mama ameishi maisha yake yote akiitwa jina la tusi kwa kazi iliyowaficha watu hawa, na mimi nimeomba kwa watoto waliozaliwa juzi ukweli ambao wazee wao walikuwa nao tayari mikononi. Nikamwambia sijafurahi, nimechelewa tu, na wao wamechelewa zaidi. Nikamwambia katibu aandike.

Nikataja jina la mama, na ukoo wa baba yake. Nikataja la mama mdogo. La tatu. La nne. Kalamu ya yule mwanamke kijana ikasimama.

"Rudia, bibi."

Nikarudia, na ukoo.

"Huyo ni mama yake baba," akasema. Hakuwa anaongea na kikao, alikuwa anaongea na karatasi. "Nyumbani tulikatazwa kumtaja. Baba alisema alitutia aibu. Sijui hata kaburi lake."

Ni mtu mzima, ana watoto, ana kazi ya serikali, na ndiyo kwanza anaambiwa. Hasira yangu yote niliyokuja nayo kutoka Tunduma, niliona nimeileta kidogo.

"Kaburi nitakuonyesha leo," nikamwambia. "Malizia kuandika."

Hakumalizia. Aliuliza, "Alichimba tuta lipi?"

"La tatu kutoka juu. Utalijua, limepinda kuelekea mtoni. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na Mzungu alimwambia alinyooshe, akakataa."